Mlango Ulioishiwa Rangi

Mtu akikuibia umelala, unamwita mwizi na mambo yanaishia hapo. Lakini mtu anayetumia jina lako kumwibia mwingine, kisha akakualika uje uone alichoiba kikiwa kimetundikwa ukutani, watu wanakunywa juisi mbele yake, huyo mpaka leo sijapata jina la kumwita. Mimi ni Saumu binti Mahamudi, mwandishi wa vibao hapa mtaa wa Birere, Goma. Ninayemsema ni Télesphore Cirimwami, ambaye nilifanya naye kazi katika karakana moja kwa miaka kumi na tano.

Kazi tuligawana hivi: herufi zangu, sura zake. Herufi nilifundishwa na marehemu baba, mtu wa Kasongo aliyekuja Goma na biashara ya vitambaa akaishia kuandika majina ya maduka ya wenzake. Ukiona Birere kibao cha duka la dawa ambacho herufi zake zimesimama wima hata baada ya mvua za miaka mitano, ujue ni changu. Télesphore alikuwa na mkono wa sura. Vichwa vya vinyozi, kuku wa mgahawa, bibi harusi wa studio ya picha, vyote vyake. Mimi nikichora kuku, watu huuliza kama ni kiatu. Alinitania hivyo kila siku na sikuudhika, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu siku nilipoanguka kutoka kwenye ngazi ndiye aliyenibeba mgongoni hadi hospitali, akipita juu ya mawe ya lava na mvua inanyesha.

Sisi watu wa vibao tuna desturi yetu. Chini, pembeni kulia, unaandika jina lako na nambari ya simu, ili anayependa kazi ajue pa kukupata. Kazi moja tu hatuitii jina, nayo ni msalaba wa kaburi. Unaandika jina la marehemu na tarehe zake, unafunga kopo la rangi, unaondoka. Huwezi kujitangaza juu ya msiba wa mtu. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, lakini mwandishi wa vibao yeyote wa Goma akikuta kazi nzuri isiyo na jina pembeni anajua maana yake: hii ilifanywa kwa moyo, usiiguse. Télesphore alilijua hilo kama alivyojua jina la mama yake.

Mwaka 2024, mabomu yalipoanguka Sake na watu wakamiminika upande wetu, alikuja karakanani mwanamke mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Aliitwa Katungu, Mnande, mjane, mkulima wa Kitchanga. Vita vilimfukuza Kitchanga, akakimbilia Sake, na pale Sake siku ya mabomu mkono wa binti yake ulichomoka mkononi mwake katika msongamano wa watu. Binti huyo anaitwa Olive, na alikuwa na miaka sita.

"Mama, natafuta mutu wa kuniandikia jina ya mutoto wangu kwa bâche," alisema. Alikuwa anazungumzia turubai la kibanda chake kambini.

"Mutoto anajua kusoma?"

"Hapana. Masomo ilikatika na vita."

"Sasa utamuandikia nini?"

Nilijiona mjinga kwa kuuliza vile. Wale wanaoorodhesha watoto waliopotea walikuwa wameshachukua jina, lakini Olive mwenyewe hakujua jina la mama yake. Alimwita Mama, na majirani walimwita Mama Olive, na pale Mugunga kina Mama Olive walikuwa tele. Picha hakuna, simu ilibaki njiani. Ndipo nikauliza swali la maana, moja tu kwa siku ile.

"Anajua nini, mutoto wako?"

"Anajua nyumba yetu," alisema Katungu.

Siku iliyofuata nilikwenda Mugunga na makopo yangu. Nilipaswa kumpeleka Télesphore, mwenye mkono wa sura, lakini wakati ule alikuwa Kinshasa kwenye mafunzo ya miezi mitatu ya wasanii. Kwa hiyo nilichora mwenyewe, na Katungu akiwa nyuma yangu akiniamrisha kama fundi mkuu. Mlango usogee kushoto. Paa lina kiraka cha njano, bati la kopo la mafuta, pale juu, hapana, chini kidogo. Kibanda cha dende, wale simbilisi wadogo wa kufuga, kikae chini ya dirisha, na dende mmoja achungulie nje. Dende wangu walifanana na viazi. Na mlango ni wa buluu, lakini buluu inashuka mpaka katikati tu, chini mbao tupu.

"Juu ya nini nusu?" nilimuuliza.

Alinieleza sababu. Kanisa lao lilipopakwa rangi, mume wake aliomba buluu iliyobaki. Akaanza juu, akashuka, rangi ikamwishia katikati ya mlango. Akasema atamalizia Pasaka. Kabla ya Pasaka alikufa kwa homa. Katungu hakutaka mtu mwingine amalizie. Olive naye aliufanya mstari ule kuwa mchezo wake: kila Jumapili alisimama mlangoni, akageuka kuona kama kichwa kimefika kwenye buluu. Walipokimbia kilikuwa kimebakiza vidole viwili.

Siku ya tatu Katungu aliacha kunisahihisha. Alitazama lile turubai, akaomba maji, akanawa uso. Sikuandika jina langu pembeni wala nambari ya simu.

Tulilitundika upande wa barabara, ili mtu yeyote anayetoka Sake alione bila kuingia kambini. Waendesha pikipiki ndio waliolitangaza. Wakikuta mtoto yuko peke yake njiani, au mama amemwokota mtoto asiye wake, walisema, nendeni Mugunga mkaone ile bâche ya nyumba. Watoto wawili walishaletwa kuitazama. Hawakuwa Olive. Katungu aliwapa uji, wakaenda.

Kisha Télesphore akarudi kutoka Kinshasa.

Alirudi na miwani isiyo na nguvu, na rafiki mmoja anaitwa Ferdinand, mtu wa kuandaa maonyesho. Na alirudi na maneno. Kwamba picha haina mwenyewe. Kwamba mchoraji akishaweka brashi chini hayupo tena, aliyepo ni mtazamaji, na mtazamaji ndiye anayetengeneza maana. Kwamba hakuna kitu cha asili duniani, kila kitu ni nakala ya nakala. Nilimsikiliza nikiwa nanyoosha mstari wa kibao cha mwuza simu. Nilimwambia kama ni hivyo basi mwuza simu na aje atengeneze maana yake mwenyewe, mimi nikalale. Tulicheka. Nilikuwa nimemkumbuka, sitasema uongo. Nikamsimulia habari ya Katungu, mwanzo hadi mwisho, na ule mlango, na Jumapili za Olive. Alinisikiliza kwa makini sana, na mimi nikadhani ni huruma.

Wiki kadhaa baadaye aliniletea kadi ya mwaliko. Maonyesho yake ya kwanza, katika nyumba moja yenye bustani karibu na ziwa, saa tisa mchana. Nilivaa kitenge changu cha Idi. Nilijivuna njia nzima, nikamwambia hata mwendesha pikipiki kwamba nakwenda kuona kazi za ndugu yangu.

Nyumba ya Katungu ilikuwa ukuta wa katikati. Waliipigilia kwenye mbao, ikanyooshwa vizuri, wakaielekezea taa. Dende wangu walikuwepo. Kiraka cha njano kilikuwepo. Pembeni palikuwa na karatasi ndogo iliyosema: Télesphore Cirimwami, Bila Jina, turubai, rangi, mvua. Niliisoma mara tatu, mimi ambaye kazi yangu ni herufi.

Ferdinand alikuwa anawaelezea wageni. "Tazameni mlango," alisema. "Unakataa kukamilika. Ni historia yetu, haina mwanzo wala mwisho, haina ukweli mmoja." Bibi mmoja akasema yeye anaona mbingu na ardhi. Kijana mwenye kamera akasema ni mpaka wa nchi mbili.

"Rangi ilimwishia," nilisema.

Wote wakanigeukia.

"Mume wake alipaka kwa rangi ya kanisa iliyobaki, ikamwishia katikati. Hakuna kingine."

Wakacheka kwa adabu. Ferdinand akaweka mkono kifuani. "Hiyo nayo ni tafsiri moja, mama. Nzuri sana."

Nilimkuta Télesphore kwenye meza ya vinywaji na nikamvuta mpaka bustanini. Alikuwa anatabasamu. Nadhani alitegemea nimpongeze.

"Télé, ulimwambia nini yule mama?"

"Nilimwambia umenituma nichukue bâche juu ya kurekebisha rangi. Nilimupatia ingine mupya, nene, haivuji. Alifurahi, yaya." Yaya, yaani dada mkubwa; ndivyo alivyoniita siku zote.

"Ulisema mimi nimekutuma."

"Weye njo yule mama anaamini." Alisema hivyo bila kupepesa macho. "Yaya, sikiliza kwanza. Vile vichwa vya coiffeur tulikuwa tunatoa wapi? Kwa kalenda. Wachezaji wa mupira? Kwa gazeti. Tuliomba nani ruhusa? Picha zinatembea. Mutu anaikamata, anaiweka fasi ingine, inakuwa kitu ingine. Pale Mugunga ilikuwa bâche. Hapa batu wanasimama mbele yake, wanafikiri."

Neno lile lilinigonga, nakiri, kwa sababu lilikuwa la kweli. Maisha yetu yote tumenakili. Nusu ya wachezaji mpira waliochorwa kwenye kuta za Birere hawajui kama wamechorwa, na mimi nimekula mkate wa kazi hiyo.

"Kichwa cha kinyozi kinaangaliwa na muji mzima," nilisema. "Hii ilikuwa na mutu mumoja wa kuiangalia. Mumoja, Télé. Ana miaka sita. Na hayuko humu ndani."

Alitazama viatu vyake. "Haukuweka jina," alisema taratibu.

Hapo ndipo uzi ulipokatika kati yetu. Angesema hakufikiri, ningemkasirikia na labda baadaye tungepatana. Lakini alikuwa ametazama ile pembe ya chini kulia, akaona ni tupu, akajua kwa nini ni tupu, na akaona hapo ndipo pa kuweka jina lake. Nilijiona nimesalitiwa na sitatafuta neno laini zaidi ya hilo. Miaka kumi na tano nilimwamini mtu huyu anishikie ngazi nikiwa juu.

Niliingia ndani nikaanza kuling'oa turubai. Mlinzi, kijana mpole, alinishika mkono akiniita mama. Wageni walitoa simu zao wakanirekodi, na nikamsikia yule bibi wa mbingu na ardhi akimuuliza mwenzake kama hii ni sehemu ya kazi. Ferdinand hakukanusha. Turubai lilikuwa limeshauzwa kwa tajiri mmoja wa Ulaya anayekusanya vitu vya aina hiyo, na tajiri huyo alikuwa amemwalika Télesphore akafanye kazi kwao mwaka mzima. Mzigo ungeondoka na ndege kesho yake. Walinitoa nje kwa heshima zote.

Asubuhi nilikwenda Mugunga. Kutoka barabarani niliona safu za maturubai meupe, na la Katungu jeupe kuliko yote. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Karibu, Mama Saumu. Rangi imekauka?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kila kitu, na jina la Télesphore, na kwamba sikumtuma. Hakunitukana. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Siku kumi na tisa," alisema. "Siku kumi na tisa Olive hakuwa na kitu cha kuona."

Nilifungua makopo nikaanza kuchora upya juu ya lile turubai jipya, pale pale. Safari hii mkono wangu ulikumbuka wenyewe. Watu walisogea kuangalia. Nilipofika kwenye mlango, mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni la mandazi kichwani alisimama. Aliitwa Mukakalisa, mkimbizi wa Karuba, hakuwa ametimiza wiki moja kambini.

"Aha, njo hii walikuwa wanatafuta," alisema.

"Nani?" Katungu aliuliza.

"Siku ine nyuma walipita hapa na pikipiki. Mama mumoja wa kuuza makala ya kupikia, na mutoto mwanamuke aliokota njiani. Huyo mama alisema mutoto hasemi kitu tangu mabomu, lakini motard alimusimulia habari ya nyumba yenye mulango nusu bleu, na mutoto akapanda pikipiki mwenyewe. Walipita, wakarudi, wakapita tena polepole. Waliniuliza. Miye nilikuwa na siku mbili tu hapa. Niliwaambia, hapa bâche zote ni nyeupe."

Mukakalisa alitutazama mmoja mmoja, akaanza kuelewa, akashusha beseni lake chini.

"Alikuwa na viatu?" Katungu aliuliza.

"Kandambili. Kubwa kupita miguu yake."

"Asante," alisema Katungu, na akakaa chini juu ya mawe.

Nililia mimi, si yeye. Yeye alikuwa anafikiri. Baada ya muda aliniambia niache kuchora. Alisema Olive ameshatazama hapa. Mtoto akitafuta kitu mahali asikione, harudi kutafuta pale pale. Katika Goma nzima, mahali pamoja tu ambapo binti yake hawezi kuja tena ni hapa alipo mama yake.

"Waligeuka upande gani?" nilimuuliza Mukakalisa.

"Muji."

Kwa hiyo niliifuata barabara kuelekea mjini. Nilichora nyumba ya Katungu kwenye ukuta wa duka la vyuma, kwenye ubavu wa kontena la mwuza vocha, kwenye uzio wa mbao wa fundi seremala. Niliomba ruhusa kila mahali na hakuna aliyeninyima. Nilichora Birere, nikaingia mtaa wa Majengo. Chini ya kila nyumba niliandika, kwa ajili ya watu wazima: mtoto akiijua nyumba hii, tupigie, na chini yake nambari yangu ya simu. Siku tisa, kuta kumi na saba. Vibao vya wateja vililala karakanani na wateja wakanuna, shauri yao. Katungu alibaki Mugunga, maana hata hivyo hatukuthubutu kuacha pale patupu, na kila jioni nilimpigia Mukakalisa, ambaye alikuwa na simu, amfikishie Katungu idadi ya kuta.

Ukuta wa kumi na saba nilikuwa Majengo, saa nne asubuhi, niliposikia ngazi imetulia ghafla chini yangu. Nikatazama. Télesphore alikuwa ameishika, kwa mazoea.

"Yaya, wananiandikia," alisema.

Nilikuwa kwenye kiraka cha njano.

"Yule muzee wa Ulaya ameona picha za hizi ukuta kwa simu. Alinunua kitu moja, haiko na ingine. Kwa contrat iko imeandikwa mwenye kazi hatairudilia."

"Mwenye kazi ni nani?"

"Miye," alisema.

"Ulisema mwenye kazi hayuko."

Nilikuwa nimepaka kiraka chote aliposema tena. "Malizia tu mulango. Paka bleu mpaka chini. Mulango ukiwa mzima inakuwa kazi ingine, hawatakuwa na neno. Ni kitu kidogo, yaya. Visa yangu yote iko juu ya ule mulango."

"Na mutoto?"

"Mutoto ataona paa. Ataona dende."

Nilishuka. Nilitaka kumwambia akiwa machoni pangu, si kutoka juu. Nilimkumbusha nilivyomsimulia mwenyewe, Jumapili zile, na vidole viwili vilivyobaki. Nilimwambia kwamba nyumba za mbao zenye mlango wa buluu ziko mia Masisi nzima, huko kwao Katungu. Yenye mlango ulioishiwa rangi ni moja, na huyo mtoto amepoteza sauti lakini huo mlango hajaupoteza. Sikupaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikapanda tena, naye akanishikia ngazi mpaka nilipomaliza buluu katikati, na chini nikaacha mbao. Akaondoka bila kuaga.

Nikasema moyoni, ameelewa. Yaani niliomba msamaha ndani yangu kwa yote niliyomfikiria. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile kadi ya mwaliko. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, nikaenda kuswali, nikapumzisha mkono.

Jumamosi Katungu alikuja mjini. Alitaka kuziona kuta kwa macho yake, kuchagua ipi asimame karibu nayo mchana na ipi jioni. Nilimpokea Birere, nikamnunulia chai, tukaenda kwenye ukuta wa duka la vyuma. Nilikuwa naongea, namweleza jinsi mwenye duka alivyonipa ukuta bila swali. Niliendelea kuongea kwa muda kabla sijagundua kwamba yeye anatazama mlango.

Mlango ulikuwa mzima. Buluu ilishuka mpaka chini, sawasawa kabisa na ile ya kwangu, haikudondoka, haikutoka nje ya mstari hata mahali pamoja. Mimi siwezi kupaka hivyo. Nilimjua mwenye mkono ule kabla sijakaribia.

Tulikwenda kwenye kontena la vocha. Mzima. Kwenye uzio wa seremala, mzima. Katungu alikuwa anatembea haraka sasa, mimi nyuma yake, tukapita Birere yote mpaka Majengo. Kumi na saba, zote zimemaliziwa vizuri. Wenye kuta walisema mwenzangu alipita jana, yule wa sura, akasema Saumu amemtuma.

Mbele ya ukuta wa mwisho Katungu alisimama.

"Hii haiko nyumba yangu," alisema.

"Mama Olive, haiko miye. Ni Télesphore."

"Mara ya kwanza pia uliniambia ni Télesphore."

Nilikuwa na maneno, Mungu anajua, nilikuwa na mkataba, na visa, na tajiri wa Ulaya, na kila neno nililoliandaa lilisikika kichwani mwangu kama la mtu anayejitetea. Angeniamini kwa lipi? Kila walipomdanganya, walimdanganya kwa jina langu.

Aliinama akaokota jiwe la lava, lenye meno. Akaanza kuikwangua ile buluu kutoka chini, kwa nguvu, rangi ikimwangukia miguuni. Nilisogea na jiwe langu nimsaidie.

"Wacha," alisema bila kugeuka. "Usiguse tena mulango wangu."

Niliweka jiwe chini. Nilisimama kando ya barabara nikimtazama akikwangua, na alipomaliza ule akachukua jiwe lake akaenda kwenye wa pili, na hakuniita.